Mkalimani wa Mawifi Wawili wa Old Moshi

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake: jirani pale bombani, wenzangu wa kazini, mdogo wangu kwa simu. Wote nimewajibu kwamba safari ilikuwa njema, jibu linalofunga mazungumzo haraka lakini halimtoshi mtu. Sasa nimekaa, chai ipo, nawaandikia yote mara moja. Habari za nauli, barua za ruhusa na fomu nitaziruka, maana hata mimi zilinichosha. Itoshe kujua kwamba Daktari Renatus, yule kijana wa masikio na koo tuliyefanya naye kazi hapa Morogoro kabla hajahamia Dar, alikusanya watu wachache wa kujitolea waende kupima watu bure huko kwao mlimani. Akanitaka mimi na mashine yangu ya kupima usikivu. Mimi si daktari. Nilisema hivyo kila kituo, na kila kituo waliniita Daktari.

Morogoro hadi Moshi

Mashine yangu mnaijua, lile sanduku la bluu lenye hedifoni. Sikukubali liwekwe chini kwenye buti la basi, kwa hiyo nililipakata kama mtoto. Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja wa Mwanga, mnene, mchangamfu, mwenye kikapu cha machungwa. Kufika Chalinze alikuwa ameshajua nina watoto wangapi na kwa nini wa pili hajaoa. Kufika Segera alikuwa amejua kazi yangu. Aliuliza kama kweli tunapima bure. Nikamwambia bure. Akanyamaza shamba zima la mkonge, kisha akasema lazima kuna kitu tunatafuta.

Nikamjibu kwamba ndiyo, tunatafuta watu wasiosikia.

Akasema kama ni hao, yeye anaye mmoja nyumbani. Akatoa simu, akampigia mumewe, akanikabidhi. Nilishikwa na aibu, lakini yule baba alinipokea vizuri. Aliitikia salamu, aliuliza hali ya barabara, akanieleza mvua za kwao na bei ya tangawizi, nami nikipunguza sauti kidogo kidogo kwa makusudi, mpaka nikawa nanong'ona. Alijibu kila neno. Nilimrudishia mama simu yake, nikamwambia mzee anasikia vizuri kabisa.

Aliitazama ile simu kwa muda. "Basi ni mimi tu asiyenisikia," akasema.

"Hilo, mama, mashine yangu haipimi."

Karibu na Same tairi lilipasuka, na la akiba likaonekana nalo lina maradhi yake. Tulishuka juani. Saa mbili nzima dereva na utingo walikuwa wakipeana lawama kwa heshima kubwa, na yule mama akawa ameshawatangazia abiria kwamba hapa tupo na daktari wa masikio. Wakaja. Nilikagua masikio kumi na moja kwa tochi ya simu, kando ya barabara, huku nikila yai la kuchemsha. Ushauri ulikuwa mmoja kwa wote: acheni kuchokonoa. Mmoja alitumia njiti ya kiberiti, mmoja kifuniko cha kalamu, na kijana mmoja mtanashati alikiri kwamba yeye hutumia ufunguo wa pikipiki. Nilimuuliza kama ni ule ule wa kuwashia. Akasema ndiyo, kwani anao mwingine?

Tuliingia Moshi jioni. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu juu hadi chini. Renatus alinipokea, akanyoosha kidole kwenye mawingu, akaniambia kwa fahari kwamba ule pale. Nikausifia.

Kwa Sadala

Siku ya kwanza tulipima Kwa Sadala, na tulifika siku ya soko. Wenyeji wetu walitupa chumba kizuri, safi, chenye meza na viti, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa ukuta wa mashine ya kusaga.

Kipimo changu kinahitaji ukimya. Mtu anavaa hedifoni, namletea mlio, mkubwa kisha mdogo kisha mdogo zaidi, naye akiusikia ananyoosha mkono. Pale Kwa Sadala hata mimi sikuwa nikijisikia nikisema. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa muungwana, akakubali kuizima dakika kumi kwa kila saa. Ila hakuwaambia wateja wake sababu. Nilipochungulia nje kulikuwa na wanawake ishirini wenye madebe ya mahindi, wote wananitazama kama mtu aliyewazuia watoto wao kula.

Mgonjwa ninayemkumbuka pale ni Mzee Filemoni, mfugaji, amevaa koti na tai. Nilimwamkia, nikamvisha hedifoni, nikamweleza. Akanyoosha mkono. Nilikuwa sijabonyeza kitu. Nikabonyeza, akanyoosha. Nikaacha kubonyeza, akanyoosha tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nilimvua hedifoni, nikamuuliza taratibu kama mlio anausikia au hausikii.

Alinijibu kwamba hajasikia kitu, lakini ameona nina foleni ndefu na hakutaka kunichelewesha.

Tulimhamishia darasani kwenye shule ya jirani, tukampima upya. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta iliyokomaa. Renatus alimsafisha kwa maji ya uvuguvugu. Mzee alisikiliza, kisha akauliza nani anapiga kelele kiasi hiki. Lilikuwa soko.

Mchana tulipewa machalari, zile ndizi zao zilizopikwa na nyama mpaka zikalainika, na nilikula hadi nikaona haya. Usiku ndizi. Asubuhi mtori, ambao ni ndizi tena, ila zimepondwa. Nilipouliza kwa adabu kama huku wali hupatikana, mama mwenye nyumba alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Kupanda Old Moshi

Renatus alikuwa ameniahidi kwamba lugha haitakuwa shida, kwa kuwa yeye ni Mchagga na atanitafsiria. Kwa Sadala mambo yalikwenda, maana ni kwao. Old Moshi ni upande mwingine wa mlima, na Kichagga cha kule kina mwendo wake. Mvua ilikuwa imenyesha, gari letu likazama kwenye tope kwenye kona ya tatu, na Renatus akashuka kuomba msaada kwa wazee wawili waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Alizungumza nao Kichagga chake kwa kirefu. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha mmoja akamwambia kwa upole, "Sema Kiswahili tu, mwanangu, utachoka."

Nilicheka mpaka nikateleza. Nilikuwa na kandambili, kwa sababu nilitoka Morogoro nikiamini Kilimanjaro baridi iko kileleni.

Wale wazee walituitia mtu. Akashuka mama mrefu, wa miaka sitini na kitu, amefunga kitenge juu ya sweta na kuvaa buti za mpira. Aliniamuru nimpe sanduku. Nikasita. Akalichukua, akaliweka kichwani, akapanda nalo kwenye ile njia ya tope kana kwamba ni sakafu ya saruji, huku akituuliza tumekula nini. Huyo ndiye Mama Anasia. Ni kiongozi wa akina mama kwenye usharika wa pale na mhudumu wa afya wa kijiji, na siku ile aliteuliwa kuwa mkalimani wangu kwa wazee ambao Kiswahili kinawapa tabu. Tulipita katikati ya vihamba vyao, yale mashamba ya kuzunguka nyumba, migomba juu, kahawa chini, mfereji wa maji ukitukata njia kila hatua chache. Kila mlango aliita, na kila mlango ulimwitikia, isipokuwa mmoja, nyumba ya bati jekundu yenye maua. Hapo alipita kimya na akaongeza mwendo. Nilidhani ni kwa sababu ya mbwa.

Nilimweleza shida yangu ya kelele. Alifikiri kidogo, akatupeleka kwenye ghala la chama chao cha wakulima. Ndani kulikuwa na magunia ya kahawa yaliyopangwa hadi karibu na dari. Vijana walisogeza machache, wakaacha nafasi ya meza na viti vitatu katikati. Nilipokaa mle, mlango ukafungwa, niliweza kusikia saa yangu ya mkononi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kupata chumba cha kupimia kilicho kimya namna ile, wala chenye harufu nzuri hivyo.

Ghalani

Asubuhi yote Mama Anasia alifanya kazi ya watu watatu. Alitafsiri, alipanga foleni, alimfukuza mlevi mmoja kwa jicho tu. Mlevi huyo alikuwa ametakiwa aje bila kula kwa wenzetu waliokuwa wakipima sukari, na alisisitiza kwamba hajala kitu, amekunywa mbege tu.

Mchana aliingia bibi mfupi mwenye fimbo, kilemba cheupe, uso mkavu. Jina lake Bibi Ndeshi, umri umepita sabini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa Kiswahili safi kuliko changu. Mama Anasia, ambaye hakuwa amekaa tangu asubuhi, aligeuka kuanza kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa.

Nilimwambia Bibi Ndeshi akipenda mkalimani anaweza kutoka, kwa kuwa Kiswahili anakijua na majibu ni yake mwenyewe. Akasema abaki tu.

"Sisi hatusemeshani," akanieleza, "kwa hiyo hawezi kunisema."

Baadaye alisogeza kiti chake, akaniambia, "Daktari, mwambie huyo mama asogee, ananizibia mwanga."

Mama Anasia alikuwa hatua moja kutoka kwake. Hakugeuka. "Daktari, mwambie mgeni wako mwanga unatokea upande wa pili."

Nikangoja nione kama ni utani. Haukuwa. Walikuwa wananitazama mimi, wote wawili, wakisubiri nifikishe ujumbe. Basi nikafikisha. Mimi Mluguru, nisiyejua neno la Kichagga zaidi ya jina la pombe, nikawa mkalimani wa Wachagga wawili wa ukoo mmoja, nikitafsiri Kiswahili kwenda Kiswahili. Nikataka kumvisha bibi hedifoni. Nikaambiwa nimwambie yule amfungulie bibi kilemba. Nikaambiwa nimjibu yule kwamba bibi ana mikono.

Katikati ya haya nilielewa kwamba ni mawifi. Marehemu mume wa Bibi Ndeshi alikuwa kaka yake Mama Anasia. Nyumba ya bati jekundu ilikuwa ya bibi.

Kisha nikapima, na utani ukaisha. Sikio la kulia lilikuwa zima, zima sana kwa umri wake. La kushoto halikuwa na kitu. Nilipandisha mlio hadi mwisho wa mashine, na ule uso mkavu ukabaki vilevile, ukisubiri nianze. Nilimwita Renatus, akachungulia, hakukuta nta wala kidonda. Akamweleza bibi bila kuzungukazunguka: sikio la kushoto limekufa kwa ndani, aende hospitali mjini kwa vipimo zaidi, lakini asitegemee sana kwamba litarudi. Bibi Ndeshi alisema hilo analijua. Alikuwa amekuja kwa sababu bodaboda ilimpitia, ikakaribia kumgonga, juma lililopita, imetokea kushoto, na alitaka tu kujua kama la kulia nalo litamkimbia.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumwambia mtu. Akasema masikio ni mawili, moja likilala lingine linafanya kazi, na wakwe zake wakijua wataanza kumshika mkono njiani kama mbuzi.

"Tangu lini?"

Swali hilo sikuliuliza mimi. Mama Anasia alikuwa ameacha magunia.

Bibi Ndeshi hakumtazama. "Mwambie tangu ile homa yangu kubwa. Kaka yake alipokufa lilikuwa limeshatimiza mwaka."

Mama Anasia akakaa juu ya gunia la kahawa. Kisha akaanza kuzungumza na mimi, kwa Kiswahili, macho yake kwenye mashine yangu. Alisema kaka yake alipougua muda mrefu, yeye alisimama mbele ya ukoo akasema mgonjwa anapewa na mkewe chakula cha baridi. Alilisema kwa uchungu, na kesho yake alijua amekosea, lakini neno lilishatoka. Siku ya mazishi, watu wakiwa wanarudishia udongo, alimwendea wifi yake kwa nyuma, akainama, akamnong'oneza amsamehe.

"Nilimwambia kwenye sikio hili." Akagusa lake la kushoto. "Akageuza uso akasogea. Nikasema basi, amenikataa, na amenikatalia juu ya kaburi la kaka yangu. Sasa ni miaka sita."

Nikamtazama Bibi Ndeshi. Alikuwa ameushika waya wa hedifoni, anauzungusha kidoleni.

"Mwambie," akasema, "nilihisi mtu ananipulizia shingoni. Nikasogea."

Kwa mara ya kwanza siku ile sikuona cha kutafsiri.

Halafu akaongeza kwamba na yeye alingoja aombwe radhi. Alingoja msiba uishe, akangoja arobaini, akangoja Krismasi mbili ambazo ukoo wote ulikuja nyumbani. Alisema mtu mzima aliyekosea hapaswi kukumbushwa, na kwamba kila alipomwona wifi yake anaingia kanisani na kukaa benchi la mbali alisema moyoni, huyu hana hata haya.

Mama Anasia akainuka. Alizunguka meza, akapita nyuma ya kiti, akaja upande wa kulia, akainama pale pale kwenye sikio lililo hai. Alisema maneno marefu kidogo, kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Siwezi kuwaambia alisema nini. Najua mlitaka niwaambie. Mikono yake ilikuwa imeegemea mezani, na mezani kulikuwa na fomu zangu, zikalowa machozi.

Bibi Ndeshi alikaa vile vile, fimbo kati ya magoti. Mwisho akanigeukia mimi.

"Mwambie nimesikia."

Nikafungua mdomo nimgeukie Mama Anasia. Yeye akanizuia kwa mkono. "Usijisumbue, Daktari. Na mimi nimesikia."

Nje watu walianza kugonga mlango, wakiuliza kama tumelala. Bibi Ndeshi akainuka, akakifunga kilemba chake mwenyewe, hakukubali kushikwa. Mlangoni akasimama, akasema bila kugeuka kwamba tena chakula hakikuwa cha baridi. Kilikuwa cha uvuguvugu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa na vidonda mdomoni. Safari hii hakuniambia nimwambie mtu.

Mama Anasia alinawa uso nje kwenye mfereji, akarudi, akaita mgonjwa anayefuata. Nilimuuliza wakati wa chai ni nini hasa alichomwambia wifi yake. Alinimiminia kikombe hadi juu, akanijibu kwamba hilo halimo kwenye vipimo vya bure.

Himo, na kurudi

Siku ya mwisho, baada ya kupumzika siku moja, tulipima Himo, kwenye turubai karibu na njia panda ambako kila gari la Kenya, la Marangu na la Dar linapiga honi yake. Ukimya ulikuwa ndoto, kwa hiyo tulikagua nta tu na kuandikia watu rufaa. Ndipo pia nilipokula wali, kwa mama ntilie mmoja, sahani mbili bila kupumzika. Renatus alinipiga picha. Mlima, ambao siku zote nne ulijificha, ulijitokeza nilipokuwa nimeinamia sahani, na waliponiambia nigeuke ulikuwa umeshajifunika.

Mama Anasia alikuja kutusaidia, na alileta mkungu wangu wa ndizi wa kwenda nao nyumbani, ule mlioula. Nilimuuliza habari za kule juu. Akasema wifi yake alimjia asubuhi iliyofuata, saa moja, kabla hajakamua ng'ombe. Walianza na chai. Kisha wakaanza kugombana: nani alisema nini kwenye kikao cha ukoo, sufuria gani haikurudishwa baada ya msiba, nani alimfundisha mtoto wa nani kutosalimia. Waligombana hadi saa sita mchana, wakapumzika wakala, wakaendelea. Miaka sita ina mambo mengi, alisema, na wao wamefika mwaka wa pili tu.

Nikamuuliza kama basi wamepatana.

Alifikiri. "Anakaa kulia kwangu, ili nimkalie kushoto, kwenye sikio lililolala. Nikizidisha maneno anatazama migomba. Nikisema la maana anageuka."

Hospitali watakwenda pamoja Jumanne. Bibi Ndeshi bado hataki kushikwa mkono, lakini amekubali wifi yake atembee upande wa barabara.

Basi langu lilipofika njia panda nilikuwa bado namuaga, na simu yake ikaita. Sauti ya bibi iliyotoka humo niliisikia mimi, utingo akaisikia, nadhani na dereva. Mama Anasia aliiweka simu mbali kidogo na kichwa, akaanza kujibu, kisha akaanza kubishana. Utingo alipandisha sanduku langu na mkungu wangu, nikakaa dirishani, basi likageuka kushika njia ya Mwanga. Alinipungia mkono uliokuwa mtupu. Ule wa simu alikuwa ameshauinua tena sikioni, na alikuwa anacheka.